Bolti za Daraja la Pili

Wanawake wenzangu wa Shangani walikuwa na wake wenza. Mimi mke mwenzangu alikuwa ndege, na alikaa nyuma ya nyumba, kwenye banda la makuti lililoizidi nyumba yenyewe kwa ukubwa. Wao walau waligawiwa zamu. Kwangu zamu zote zilikuwa za ndege, na Ijumaa baada ya sala mume wangu alibadilisha kanzu na kuingia bandani hadi magharibi.

Alikuwa fundi wa injini katika kiwanja cha ndege cha Mtwara. Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea ukingoni. Rubani mmoja Mzungu, mwenye ndege yake ndogo, alikuwa amemfundisha kurusha, nadhani kwa kuwa alichoka kuwa peke yake angani na injini inayokohoa. Aliporudi kwao alimwachia mume wangu vitu viwili: kitabu cha michoro ya ndege ya mbao, na kreti la bolti za kuijengea. Watu wengine waliachiwa majokofu.

Ndege yenyewe ilikuwa ya kiti kimoja. Hilo niligundua mwaka wa pili, nikiangalia michoro, na lilinikaa rohoni. Mtu anachukua mikebe yangu, anachukua kitanda changu cha kamba cha kukaushia mbao zake, halafu kiti ni kimoja. Nilipomuuliza alisema viti viwili vingeifanya nzito. Nikamwambia asante, nikaenda zangu jikoni.

Majirani walikuja kuuliza itakwenda wapi. Mzee mmoja aliomba kwamba ikifika Maka asisahauliwe. Mjumbe wa nyumba kumi alikuja mara tatu na daftari lake, kwa sababu ng'ambo ya Ruvuma vita vilikuwa vinaendelea na watu walishazoea kutazama juu kwa hofu. Alitaka kujua ndege yetu itakuwa upande gani. Mume wangu alijibu kwamba itakuwa upande wa juu. Mjumbe aliandika hivyo hivyo, akaaga.

Mimi ni mzaliwa wa Mpapura. Kabla ya kuolewa nilikuwa mchaguaji wa korosho kwenye ghala la chama cha ushirika, na sisemi hivi kwa kujisifu, ingawa kidogo ni kwa kujisifu. Wakulima walileta magunia, sisi tukayamwaga kwenye turubai na kuchagua. Korosho nzima, safi, ngozi yake inang'aa, hiyo daraja la kwanza. Yenye doa, yenye kovu, iliyofifia rangi, hiyo daraja la pili. Haikuwa kazi ya kufikiri, maana ukianza kufikiri umeshachelewa. Vidole vilijua vyenyewe. Karani hakuwahi kunirudishia gunia hata moja, na wakulima waliniogopa kuliko walivyoiogopa mvua ya wakati wa kuokota.

Basi mwaka wa tatu mchwa walikula rafu ya bandani. Waliila kwa ndani, wakaiacha rangi ya nje bila kuigusa, hata siku mume wangu alipoweka juu yake kopo moja zaidi la gundi, rafu nzima ilishuka na kila kilichokuwa juu yake. Nati, washa, ribiti, pini, misumari, vyote vikawa lundo moja mchangani. Humo zilikuwamo bolti za namna mbili. Za kwanza ni zile za kwenye kreti, bolti za ndege hasa. Za pili ni zile alizonunua duka la vifaa mjini, za kubania mbao wakati gundi inakauka, ambazo hazikukusudiwa kuruka kwenda popote. Tofauti hiyo naieleza leo kwa sababu leo naijua.

Mume wangu alilitazama lile lundo, kisha akautazama mlango. Tangu alipoanza mabawa alikuwa ananipa kazi ndogondogo: kupitisha pini kwenye kitundu cha bolti, kusoma namba zilizochongwa kwenye spana. Alisema mikono ya kike ina utulivu. Niliamini, maana mtu akikusifu humdai ushahidi.

"Nipangie hivi vitu," aliniambia. "Kwa ukubwa, halafu kwa ubora. Zile bora zikae peke yake, hizo ndizo zitakazoshika mabawa."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Wewe hufundishwi kuchagua."

Kweli hakunifundisha. Nilitandika mkeka, nikachukua ungo wangu, nikaanza. Ungo ukiutikisa vizuri, vizito hubaki nyuma na vyepesi huja mbele, kwa hiyo washa na ribiti zilijitenga mapema. Nati nilizipima kwa ncha ya kidole, kila moja kidole chake. Mwisho zikabaki bolti. Kila bolti niliishika, nikaigeuza, nikaiangalia kichwani kama ninavyoangalia korosho. Zenye kichwa laini, cheupe, kinachong'aa, niliziweka daraja la kwanza. Zilizofifia, na hasa zile zenye mkwaruzo kichwani, vimistari viwili vidogo vilivyopishana kama mtu kazikwangua kwa ncha ya kisu, niliziweka daraja la pili. Hizo zenye makovu zilikuwa nyingi. Nilimwonea huruma mume wangu kwa kupewa vitu vilivyochakaa, lakini sikumwambia, nisije nikamvunja moyo.

Ilinichukua siku nne. Mikebe ya maziwa ya unga, ya kahawa na ya samli ilisimama kwenye rafu mpya, na kila mkebe niliufunga uzi shingoni na kuning'iniza kielelezo cha kilichomo ndani, ili mtu asilazimike kufungua. Uzi mweupe ulikuwa wa daraja la kwanza, mweusi wa la pili. Kisha nikavipaka vyote grisi, kwa kuwa upepo wa Shangani una chumvi na chuma hakidumu. Baada ya hapo bolti zote zilikuwa nyeusi na za kufanana.

Watu waliokuwa wakija kuona ndege wakaanza kuja kuona mikebe. Mkubwa wa kazi wa mume wangu alikuja siku moja, akasimama mbele ya rafu mikono nyuma, akasema hata stoo ya kiwanjani haina mpangilio wa namna ile. Mume wangu alicheka kwa furaha. "Mke wangu akisema daraja la kwanza, basi ni la kwanza," alimwambia. "Mimi hata sitazami." Nilijifanya sikusikia, nikamwongezea mgeni chai. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilikuwa nimeshalitia kabla ya kusifiwa.

Mwezi uliofuata mabawa yalifungwa kwenye kiwiliwili. Yalishikwa na bolti nane, nne kila upande, na hizo nane nilimpa mwenyewe, moja moja, kutoka mkebe wenye uzi mweupe. Alizikaza huku akipiga mluzi. Wiki chache baadaye ikaja barua kutoka Dar es Salaam kwamba mkaguzi atafika siku ya Alhamisi, aitazame mifupa ya ndege kabla haijavalishwa kitambaa. Akiridhika, tungeivalisha, na mume wangu angeruka juu ya ghuba na kurudi. Vitambaa vya mabawa nilikuwa nimeshavishona. Na nilikuwa naogopa, nasema wazi. Kila nilipomwona ameketi ndani ya ile ndege akijizoeza kushika usukani, nilitoka nje. Nilijifariji kwamba lolote litakalotokea, mabawa hayatatoka, kwa sababu niliyachagulia mimi.

Jumamosi kabla ya mkaguzi kuja, alifika fundi baiskeli wa Chuno, rafiki wa mume wangu. Yeye alivuka Ruvuma kukimbia vita, akaanzia maisha chini ya kibanda kimoja na pampu moja. Bandani kwetu hakuwahi kuingia, alisimama mlangoni tu na kuzungumza kutoka hapo. Ndege alizozijua kule kwao hazikuwa za kupanda. Siku hiyo alitaka bolti ya kufungia kiti cha baiskeli ya mteja. Mume wangu alikuwa kazini, nikafungua mkebe wenye uzi mweusi, nikampa moja ya daraja la pili. Ilikuwa ndefu kidogo, nikamwambia aikate.

Adhuhuri alirudi na bolti yangu mkono mmoja na msumeno wa chuma mkono wa pili.

"Shemeji, chuma chako kimenishinda."

"Kimekushindaje?"

"Nimekata, nimekata, mpaka msumeno umeng'oka meno. Tazama. Chenyewe hata hakina habari. Nipe cha kawaida tu, shemeji, hicho kaeni nacho wenyewe."

Nilitazama. Bolti ilikuwa na mkwaruzo mwembamba ubavuni, na msumeno ulikuwa kibogoyo. Niliona haya kumpa rafiki wa mume wangu kitu cha kumharibia kazi, nikaamua kumfidia kwa kilicho bora kabisa nyumbani. Nilimpa bolti ya daraja la kwanza. Akaweka ubapa mpya wa meno kwenye msumeno, akaibana ile bolti kwenye jiriwa iliyokuwa nje chini ya ukuta, akaanza kukata. Sikupata hata muda wa kumkaribisha maji. Kipande kilianguka mchangani kama kipande cha muhogo.

"Naam," alisema akikung'uta vumbi la chuma. "Hiki ndicho chuma cha watu. Kinasikia."

Alinishukuru, akaondoka. Nilibaki nimesimama nimeshika kipande kile. Chuma kinachosikia ndicho kilichoyashika mabawa ya mume wangu.

Niliingia bandani, nikaifuta grisi ile bolti iliyomshinda fundi. Ule mkwaruzo wa kichwani ukatokea safi: mistari miwili iliyo sawa, imepishana katikati. Nikamwaga mkebe mzima kwenye kanga, nikafuta moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa na kovu lile lile, mahali pale pale. Mchaguaji wa korosho anajua jambo moja kuhusu makovu, kwamba hayafanani. Nikachukua kitabu cha michoro, ambacho Kiingereza chake sikukijua, lakini picha hazina lugha. Kwenye ukurasa wa bolti kulikuwa na kichwa kimechorwa kikubwa, na juu ya kichwa msalaba. Ukurasa huo nilikuwa nimeupita mara nyingi.

Nilikaa chini kwenye mkeka. Kwa muda wa kumenya muhogo mmoja nilifikiria uongo. Ningeweza kusema nimeota vibaya. Ningeweza kutia sukari kwenye petroli yake. Ningeweza kumwachia mkaguzi agundue mwenyewe, kama ana macho ya kuona chini ya grisi. Yote hayo niliyaona afadhali kuliko kukiri kwamba mchaguaji wa Mpapura alikosea, tena si bolti moja wala mbili. Lakini kila nilipofika mwisho wa uongo wangu nilimwona mume wangu juu ya ghuba, na bawa moja limebaki nyuma. Aliporudi kutoka kazini nilimwambia kabla hajanawa mikono.

"Bolti za mabawa ni za dukani. Nimezigeuza. Za ndege zote nimeziweka daraja la pili."

Kwanza alicheka. Kisha akakiona kipande kilichokatwa, akauliza, nikamweleza habari ya msumeno. Akakaa juu ya kreti.

"Kazi moja," alisema. "Nilikupa kazi moja."

"Na wewe ulikuwa na macho mawili."

Hapo alipandisha hasira. Alisema yeye amezaliwa fundi, bolti ya ndege anaitambua hata gizani, na kama zingekuwa za dukani zisingempita. Nyani haoni kundule. Nikachukua bolti mbili, moja ya kila namna, zimefutwa zinametameta, nikamwekea kiganjani pale pale penye mwanga wa mlango.

"Ipi ya ndege?"

Aliusogeza mkono mbali na uso, ukanyooka wote. Akageuka upande wa jua. Akaurudisha karibu, akakunja uso, akazipapasa kwa kidole gumba, lakini kidole cha fundi kina sugu na hakikumwambia kitu. Mwishowe alichagua. Alichagua ya dukani.

Baadaye akaniambia. Kunguru akitua upande wa pili wa ghuba alimwona, lakini kitu cha mkononi kilikuwa ukungu, na ilikuwa hivyo karibu tangu aanze kujenga. Hakusema kazini, hakuniambia mimi, kwa sababu aliamini mtu wa miwani haruhusiwi kuruka. Ndiyo maana mikono ya kike ilikuwa na utulivu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo chenyewe nilikuwa nimekwishampangia kwenye mkebe, nikaufunga na uzi mweupe. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Naye alinijibu, na mengi aliyosema yalihusu korosho.

Jumapili na Jumatatu tulibadilisha bolti. Yeye alishika spana, mimi nilikuwa macho. Kila bolti niliifuta, nikaitazama, nikasema, "Ina alama." Naye akarudia, "Ina alama," kisha akaikaza. Tulikuwa bado tumenuniana, kwa hiyo siku mbili hizo hatukusema neno lingine bandani. Hata hivyo kazi ilikwenda vizuri kuliko siku zote. Tulipomaliza zile nane tukakagua na za mkiani, na za magurudumu, na Jumanne jioni hapakuwa na bolti ya dukani hata moja mwilini mwa ndege ile.

Yeye alitaka yaishie hapo. Mimi nikaweka sharti, kwamba bila miwani hapandi, na akibisha nitamweleza mkaguzi mbele yake. Alibisha mpaka chakula kikapoa. Jumatano alikwenda mjini, kwenye duka lililokuwa linauza miwani ya kusomea ikiwa imerundikwa kwenye sanduku, akajaribu moja baada ya nyingine kwa kusoma maandishi ya kiberiti. Alirudi ameivaa, ananyanyua miguu juu kama anayeruka madimbwi. Alinitazama usoni kwa muda mrefu.

"Kumbe una kidoti hapo karibu na pua."

Nilimwambia nilizaliwa nacho. Akaingia bandani.

Nilikuwa nakuna nazi. Baada ya muda nilihisi kitu hakipo, nikatambua ni mluzi wake. Nilikwenda kuchungulia. Alikuwa ameinama kwenye bawa la kushoto, uso umekaribia mbao, anafuata kiungio kwa kidole. Akahamia kiungio cha pili, kisha cha tatu. Akaitoa mfukoni barua ya mkaguzi, akaichomeka pale mbao inapokutana na mbao, mahali ambapo gundi ingetakiwa kujaa. Barua iliingia, ikatokea upande wa pili.

"Hizi nyufa," alisema bila kugeuka, "wewe ulikuwa huzioni?"

"Nilikuwa naziona kila siku."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani ndege hujengwa hivyo."

Ndivyo nilivyodhani, sikumficha. Nilikuwa nazipangusa vumbi kwa ncha ya kanga kila wiki, nikiamini ni za kupitishia upepo. Aliizunguka ndege yote kuanzia mkiani, mimi nikimfuata nyuma, na kila alipoinama barua ilipita. Kumbe kwa miaka mitatu alikuwa amegundisha mbao kwa kupapasa, na kiganja chake kilimwambia zimeshikana. Hakunigombeza. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena na kuangalia upya. Kisha akaketi chini, mgongo kwenye gurudumu.

"Hii hairuki," alisema.

Nilifurahi. Naandika hivyo leo bila kuficha kwa sababu yeye ameshatangulia mbele ya haki, alikufa mzee, kitandani kwake, nikiwa nimemshika mkono. Furaha ilinijia kwa nguvu. Hofu yote ya miaka ile iliniacha kwa mara moja, nikatamani kupiga vigelegele. Nikajua nikisimama pale atauona uso wangu, maana sasa alikuwa anaona, na mtu hatakiwi kuuona uso wa namna hiyo siku kazi yake ya miaka mitatu imekufa. Nikajifunika kanga nikalia, ili adhani nahuzunika naye.

Aliinuka, akaja kunishika bega. Tangu tuoane hakuwahi kusema nami kwa upole kiasi kile.

"Usilie, mke wangu. Nitajenga nyingine. Sasa si naona?"

Hapo ndipo nilipolia kweli.